Dada yangu alijifunza Kihispania kwa kumtangaza mama jikoni, Musaga wakati wa vita

Pu. Pu. Pu.

Kabla sijafungua macho nilisikia mchi ukitua kwenye kinu. Halafu, juu ya mchi, sauti ya dada yangu, ya haraka kama ya mtangazaji wa mpira: "¡Mamá está machacando! ¡Está machacando las hojas! ¡Está sudando, señores, está sudando!" Mama anatwanga majani, anatoka jasho.

Halafu sauti ya mama, na mchi haukusimama: "We mutoto, hiyo redio yako inazimwa wapi?"

Wakuu, salamu kutoka Bujumbura. Asubuhi nyingi za mwaka ule niliamka hivyo, na leo nataka niwasimulie jinsi ilivyokuwa. Wanaonijua humu wanajua naandika riwaya, na mtu wa riwaya haaminiwi upesi. Haya niliyaishi. Dada yangu mwenyewe anasoma humu kimya kimya, nikiongeza chumvi atanisuta mbele yenu.

Kilichonichokoza ni uzi wa juzi. Mwenzetu aliuliza kwa nini Wahispania wana njia mbili za kusema "ninakula", akajibiwa kwa majedwali. Mimi sina jedwali. Nina mama yangu na kinu chake cha sombe, majani ya muhogo.

Tulikuwa tunaishi Musaga, upande wa kusini wa mji, kwenye barabara inayopanda kwenda kusini. Ilikuwa miaka ya vita. Sitaieleza vita, wengi humu mna yenu. Niseme tu kwamba milima iko juu ya Musaga, na siku zile milima ilikuwa inaongea. Tulitofautisha mlio wa risasi inayokwenda mbali na wa ile inayokuja kwetu kama mtu anavyotofautisha kikohozi cha baba yake na cha jirani.

Nyumbani tulikuwa watatu. Mama. Dada yangu Goreth, aliyekuwa amemaliza sekondari na hana pa kwenda. Na mimi Nadine, mdogo wake, niliyekwenda shule siku ambazo shule ilikuwepo.

Baba alikuwa dereva wa lori. Asubuhi moja ya mvua alitoka kupeleka saruji kusini. Lori lilionekana kando ya barabara. Yeye hakuonekana. Hakuna aliyetuletea mwili, hakuna aliyetuletea habari.

Mtu akimuuliza mama kuhusu baba, jibu lilikuwa moja: "Iko anakuja."

Halafu kulikuwa na jambo la mlango.

Asubuhi ile baba alipotoka, upepo ulikuwa unaisukuma mvua ndani, basi mama akafunga mlango nyuma yake. Nani hafungi mlango mvua ikiingia? Lakini baadaye alishikwa na wazo kwamba alimfungia mumewe njia ya kurudi. Kuanzia hapo ikawa sheria kwetu: mtu wa nyumba akitoka, mlango haufungwi nyuma yake. Unabaki wazi mpaka arudi. Niende shule, wazi. Goreth aende bombani, wazi. Vumbi liingie, kuku wa watu waingie, wazi tu.

Jioni, sote tukiwa ndani, aliurudisha. Lakini komeo hakutia. Aliegemeza dumu la maji tu, kwa sababu mmoja wetu alikuwa bado nje.

Jirani yetu Mama Chanelle alimwambia, "Mama Goreth, mlango huu utatumaliza mtaa mzima."

"Basi pita uufunge wewe," mama akamjibu.

Mama Chanelle aliutazama mlango, akaenda zake. Hakuugusa.

Sasa Kihispania kilifikaje Musaga?

Kililetwa na Sista Inés, Mhispania mfupi, aliyezeekea Burundi na kuongea Kirundi kwa lafudhi iliyowafanya wagonjwa wacheke hata wakiwa na homa. Alisimamia zahanati ambako Goreth alikuwa akisaidia kupima uzito wa watoto. Sista alimwona anavyowashika wale watoto, akasema huyu ni muuguzi, amekosa shule tu. Shirika lake lilikuwa na shule ya uuguzi kwao. Angemwombea nafasi, kwa sharti moja: mkuu wa shule angepiga simu azungumze naye kwa Kihispania. Wakielewana, anakwenda. Wasipoelewana, basi.

Goreth alikuwa hajui hata kusalimia.

Sista alimfundisha kwenye baraza la zahanati, mimi nikikaa pembeni nasikiliza. Njia yake ilikuwa "fanya, sema". Alimpa ufagio, akamwambia afagie huku akisema anachofanya.

"Barro," Goreth akasema. Nafagia.

Sista akatikisa kichwa. Barro si kosa, alieleza, lakini linaweza kuwa la sasa, la kila siku, la kila Jumamosi. Kama unataka mimi ninayekusikiliza nione ufagio ukienda, sema estoy barriendo.

Dada akalikamata neno, akaliharibu hapo hapo: "Soy barriendo." Sisi tulikuwa na Kifaransa, na Kifaransa kina "kuwa" moja tu. Kihispania kina mbili: ser kwa jinsi ulivyo, estar kwa mahali ulipo au hali uliyomo. Soy, estoy, soy, estoy. Wiki zikapita. Sista alirekebisha, Goreth alirudia, kesho yake limepotea. Nilimwona akirudi nyumbani ameinama, nami nikawa naomba kimya kimya, maana tulijua nafasi nyingine kama ile haiji.

Jibu lilitoka uani. Goreth alikuwa anafagia sebuleni, mama akaita kutoka nyuma ya nyumba: "Goreth! Uko unafanya nini?"

"Niko nafagia!"

Akasimama, ufagio hewani. Akanigeukia na macho makubwa. "Nadine. Niko. Nafagia. Estoy. Barriendo."

Wakuu wa Dar na Mombasa, najua mnavyotucheka kwa "niko nafagia". Hata walimu wetu waliipiga marufuku, sema ninafagia, sema vizuri. Lakini ndivyo tunavyosema Buja, ndivyo wanavyosema ndugu zetu wa Bukavu na Uvira, na siku ile Kiswahili chetu cha uani kilifanya kazi ambayo Kifaransa cha darasani kilishindwa. Estar ni hilo "niko". Kile kinachoishia na -ando au -iendo ni kazi inayoendelea mkononi. Niko nakula, estoy comiendo. Yuko anaongea, está hablando.

(Zipo zinazokaidi. Kulala ni dormir lakini anayelala está durmiendo, na Goreth alisema "dormiendo" mpaka Sista akawa anaziba masikio. Na nyinyi wa Kiingereza, msiamini ile -ing yenu kupita kiasi. Mnasema "I'm leaving tomorrow". Mhispania hasemi estoy saliendo mañana. Kwake hiyo ni ya mguu ulio hewani sasa hivi. Ya kesho anasema salgo mañana, basi.)

Kuanzia siku ile hatukupumua. Goreth alimtangaza mama kutoka alfajiri mpaka jioni. Mama akiwasha moto, está encendiendo el fuego. Mama akipuliza, está soplando. Mama akimenya, está pelando. Majirani walianza kusimama kwenye uzio.

"Leo mechi ya nani?" Mama Chanelle angeuliza.

"Nguo na sabuni," mama angejibu bila kuinua kichwa. "Sabuni imefungwa."

Alijifanya kuchoka, mama. Lakini niliona jambo. Goreth akikaa kimya muda mrefu, mama aliangusha sufuria. Akiendelea kukaa kimya, aliangusha nyingine.

Jambo la pili Sista alilofundisha ni wakati uliopita, na hapo walikwama kwa namna nyingine.

Wahispania wanaweza kuliangalia jambo lililopita wakiwa ndani yake au wakiwa nje yake. Llovía: mvua inanyesha, uko ndani yake, hujui itakatika lini. Llovió: ilinyesha, ikaisha, unaitazama kwa mbali. Mara nyingi hukaa pamoja kwenye sentensi moja, kimoja kinaendelea, kingine kinatokea katikati yake. Sista akamwomba Goreth sentensi yenye mvua.

"Llovía cuando mi padre salía," Goreth akasema.

"Salió," Sista akamrekebisha kwa upole. "Alitoka. Ni tendo moja, limekwisha."

"Ndiyo, Sista." Na akarudia: "Llovía cuando mi padre salía."

Sarufi haikatai, wakuu. Ila ukisema hivyo baba bado yuko mlangoni, anatoka, hajamaliza kutoka. Sista alimtazama dada yangu, akasema anakwenda kuchemsha chai. Sikumsikia akirekebisha sentensi ile tena.

Jumapili moja mchana risasi zilishuka kutoka milimani na hazikupita mbali. Tulilala sakafuni kati ya vitanda, mama katikati yetu. Mlango ulikuwa umeegemezwa tu, kila mlipuko ukauchezesha, na mwanga wa mchana ukaingia na kutoka juu ya mikono yetu.

Nilikuwa natetemeka hadi meno. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Goreth. Tangaza."

Goreth hakuelewa.

"Tangaza, nimesema."

Akaanza kunong'ona. "Están disparando." Wanapiga risasi. "Nadine está temblando." Anatetemeka. "Mamá me está apretando la mano." Mama ananibana mkono. Akatafuta neno. "Seguimos respirando."

"Hilo la mwisho ni nini?" mama akauliza.

"Bado tuko tunapumua."

"Rudia."

Akarudia. Seguimos respirando. Alirudia mpaka milima ikanyamaza, na mpaka leo, nikifundisha mtu Kihispania, hilo seguir ndilo neno ninaloanza nalo. Lina maana ya kufuata, na pia ya kuendelea na jambo ulilokuwa nalo.

Ndipo akaja baba mkubwa.

Huyu ni Sylvestre, kaka wa baba, anakaa Kinama, upande wa pili wa mji. Alipanda basi mbili kuja kutuambia kwamba amesikia habari ya Ulaya, na kwamba haiwezekani.

Niwaeleze wasiotujua. Kwetu mtu akifa kuna maombolezo, na maombolezo yana siku ya kufungwa. Tunaita kuganduka. Familia inakaa, inakunywa pombe, mkubwa anasema maneno, na kuanzia hapo maisha yanaruhusiwa: kuoa, kuolewa, kuanza safari kubwa. Kwetu hakuna kilichofungwa kwa sababu hakuna kilichofunguliwa. Mama alikuwa amekataa.

"Mutoto hatoki kwenye nyumba yenye msiba uliotundikwa hewani," baba mkubwa alisema. "Tuchukue hata koti lake, tulizike. Tukae, tunywe, tumalize. Halafu aende."

Koti la baba lilikuwa kwenye msumari, nyuma ya mlango.

"Koti analikuta hapo hapo," mama akasema.

"Basi mi sitamsindikiza."

"Kunywa chai, shemeji. Iko inapoa."

Siku ya simu ikafika. Mama alivaa imvutano yake ya kanisani, ile nguo ya kufunga begani, kana kwamba huyo mkuu wa shule angemwona kupitia waya. Tulikaa kwenye benchi katika chumba cha dawa, Goreth amesimama na simu, Sista Inés ameegemea kabati akitafuna ukucha.

Alianza kwa sauti nyembamba. Aliulizwa yuko na nani. "Mi madre está sentada a mi lado," akasema, mama amekaa kando yangu, na Sista akapiga ngumi hewani, maana wengi hukosea hapo wakasema sentando. Kukaa si kazi inayoendelea, umeshakaa. Akaulizwa anafanya nini siku hizi. Goreth akafunguka kama jikoni: anapima watoto, anafua bandeji, anajifunza. Nilisikia cheko likitoka kwenye simu, la mbali, zuri.

Halafu likaja swali. Hata mimi nililielewa. ¿Y tu padre? Na baba yako?

Dada yangu alimtazama mama. Alikuwa na maneno mengi ya kuchagua, na Sista alikuwa amemfundisha yote.

"Mi padre está viniendo," akasema.

Upande wa pili ukasema jambo fupi. Sista Inés akageuka, akajifanya anapanga chupa. Mazungumzo yakaendelea, yakaisha vizuri. Amekubaliwa.

Mama hakuuliza kuhusu kukubaliwa. Alimshika Sista mkono. "Amesema nini kuhusu baba yake?"

"Amesema yuko anakuja," Sista akajibu kwa Kirundi chake.

"Na yule akasema nini?"

"Akasema, akifika, msalimieni."

Wakuu, nataka muelewe. Tangu baba atoke, watu walikuwa wameacha kumtumia salamu. Walishusha sauti wakipita kwetu. Waliuliza hali ya mama, hali ya watoto, wakaruka. Na sasa mtu asiyetujua, kutoka nchi ambayo hatungeweza kuionyesha kwenye ramani, amemsalimia baba kama mtu aliyechelewa chakula tu.

Mama alirekebisha imvutano begani. "Mwambie zimefika," akasema.

Nilidhani kazi imekwisha. Lakini tulipofika nyumbani, Goreth alikaa chini na kusema, "Siendi."

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuacha. "Kwa nini?"

"Utangoja na nani?"

"Kungoja ni kazi yangu mi. We nani amekupa?"

"Nikitoka mlango utabaki wazi, mama. Miaka. Nitasoma nini huko nikijua uko wazi kwa ajili yangu, na hawa watu wako juu ya milima?"

Hapo mama aliacha mchele. Aliutazama mlango, na vumbi lililokuwa linaingia kwa amani yake.

"Mlango niachie mi," akasema. "Nadine, kesho mtu aende Kinama. Baba mukubwa wenu aje."

Alikuja, akidhani ameshinda. Mama alikuwa ametafuta urwarwa, pombe ya ndizi, mtungi mzima. Mama Chanelle alikuwepo, Sista Inés alikuwepo na mrija wake kama sisi. Baba mkubwa akasimama, akakohoa, akaanza: "Ndugu, leo tumekaa hapa tumalize..."

"Shemeji," mama akasema. "Hatumalizi kitu. Leo tunamsindikiza mutoto tu."

Hakuna aliyenyonya mrija. Baba mkubwa alibaki amesimama. Nilimwona akitazama koti kwenye msumari, na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa sababu ya sauti yake kubwa: yule alikuwa mdogo wake. Alikuwa amechoka kumngoja mdogo wake.

"Basi nimsindikize," akasema. Akamgeukia Goreth. "Nenda, mwanangu. Usiibe vya watu, usidharau mgonjwa, usisahau Kirundi." Watu wakacheka, wakanywa.

Wakati wa kuondoka alimpita mama kizingitini, akasema bila kumtazama, "Akija, mwambie nilipita."

Hayo ndiyo, wakuu. Anayetaka faida ya sarufi, aichukue hii: acha jedwali, tangaza watu wa nyumbani kwako. Mwangalie anayekupikia, sema anachofanya akiwa bado anakifanya. Utajua estar kabla hujajua jina lake. Na faida nyingine niliyoipata, ambayo hata kundi letu la waandishi sijaweza kulieleza vizuri, ni kwamba mtu anaweza kuwa bado anangoja na papo hapo akaruhusu. Kwa mama hayo mawili hayakugombana. Nilidhani ni lazima kimoja kiishe ndipo kingine kianze.

Ninyi je, lugha yenu ya uani imewahi kuwafungulia lugha ya mbali? Na waliowahi kumngoja mtu, mlifanyaje? Andikeni chini, nitasoma yote, na Goreth pia, akitoka zamu wodini.

Ila nimalizie ile asubuhi.

Gari la Sista lilisimama barabarani. Goreth alitoka na begi lake, akafika kwenye uzio, akageuka. Mlango uko wazi, mama na mimi tumesimama ndani yake. Akarudi, akatukumbatia. Akaondoka tena, akafika uzioni, akageuka, akaweka begi chini. Gari likapiga honi.

"Nikiuacha hivi hatapanda," mama akaniambia taratibu. Akashika ukingo wa mlango.

Halafu akaita kwa sauti ya kutoka nyuma ya nyumba, sauti ya kila siku: "Goreth! Uko unafanya nini?"

Dada yangu alikuwa analia na kucheka pamoja. "Niko naenda, mama!"

"Basi enda."

Akaokota begi. Na mama akafunga mlango.